Kompyuta imenyamaza: majibu ya maswali yenu kuhusu sauti kwenye Linux

Barua za safari hii karibu zote zinalia kilio kimoja, sauti. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Kabla sijaanza, naomba jambo moja: msifute kitu wala kusakinisha mfumo upya kabla hamjajua sauti imekwama wapi. Inatoka kwenye programu, inapita kwenye seva ya sauti, yaani programu inayoipeleka kwenye kifaa kinachotakiwa (siku hizi PipeWire, zamani PulseAudio), inashuka hadi ALSA, sehemu ya sauti iliyomo ndani ya kerneli (kiini cha mfumo), ndipo inafika kwenye chipu na spika. Karibu kila jibu hapa chini ni njia ya kuuliza mojawapo ya vituo hivyo.

Fundi, nimeweka Linux kwenye kompyuta mpakato mpya. Kila kitu kinafanya kazi ila sauti. Kwenye mipangilio naona "Dummy Output" peke yake. Nimeshasakinisha upya mara mbili na hali ni ileile. Je, kompyuta ni mbovu?

La hasha, na tafadhali usisakinishe mara ya tatu. Maneno "Dummy Output" yana maana kwamba seva ya sauti iko hai, lakini haikupewa kifaa chochote cha kutolea sauti, kwa hiyo imetengeneza njia tupu ili programu zako zisikwame. Tatizo liko chini yake, kwenye kerneli. Fungua teminali uandike:

`aplay -l`

Ukijibiwa "no soundcards found", au ukaona HDMI pekee (njia ya kupeleka sauti kwenye skrini ya nje), basi kerneli haijaitambua kadi yako ya sauti. Sasa iulize kwa nini:

`sudo dmesg | grep -iE 'sof|snd'`

Soma taratibu, maana jibu huwa limeandikwa humo humo. Kwenye kompyuta nyingi za Intel za miaka ya karibuni, sauti hupitia kichakataji kidogo cha sauti kilichomo ndani ya prosesa kuu, nacho hakifanyi kazi mpaka kipakiwe programu dhibiti iitwayo Sound Open Firmware, kwa kifupi SOF. Ukikuta mstari wenye maneno kama "Direct firmware load for intel/sof/sof-tgl.ri failed with error -2", umeshapata ugonjwa. Hiyo -2 maana yake ni kwamba faili lililotafutwa halipo. Tiba inategemea aina ya Linux uliyonayo: kwenye Debian na Ubuntu sakinisha `firmware-sof-signed`, kwenye Fedora ni `alsa-sof-firmware`, kwenye Arch ni `sof-firmware`. Kisha zima kompyuta na uiwashe tena. Walioanza na Debian ya kabla ya toleo la 12 la mwaka 2023 hukumbwa sana na hili, kwa sababu diski rasmi za usakinishaji za wakati ule hazikubeba programu dhibiti za aina hii.

Kama faili lipo na bado kimya, huenda kompyuta yako ni mpya kuliko kerneli unayotumia. Usikisie. Chukua fleshi, weka toleo jipya la Fedora au Ubuntu, washa kompyuta kutoka kwenye hiyo fleshi bila kusakinisha chochote, kisha ucheze sauti. Ikisikika, unachohitaji ni kerneli mpya, basi.

Mtandaoni utaelekezwa uandike `options snd-intel-dspcfg dsp_driver=1` ndani ya faili lililoko `/etc/modprobe.d/`. Mstari huo hulazimisha draiva (programu inayoendesha kifaa) ya zamani, na kwenye kompyuta kadhaa spika huamka. Lakini maikrofoni za ndani za kompyuta hizi mara nyingi ni za kidijitali na zimeunganishwa na kile kichakataji kidogo unachokiruka, kwa hiyo zitanyamaza. Kwa mtu anayehudhuria vikao vya video kila siku, huko ni kuondoa tatizo moja na kununua jingine. Mimi huiweka njia hii mwisho kabisa.

Kwangu kadi inaonekana, na ule mshale wa sauti unapanda na kushuka muziki unapocheza, lakini spika hazitoi hata mlio.

Hiyo ni habari njema: sauti inafika kwenye seva, ila inatokea mlango usio wako. Andika `wpctl status` utazame sehemu ya "Sinks", yaani vifaa vya kutolea sauti. Kifaa chenye kinyota ndicho kinachotumika. Mara nyingi utakuta kinyota kiko kwenye HDMI, hasa kama uliwahi kuunganisha skrini ya nje. Soma namba ya spika zako, tuseme ni 52, uandike `wpctl set-default 52`. Namba hizi hubadilika ukiwasha upya, kwa hiyo usizikariri.

Kama kinyota kiko mahali pake, fungua `alsamixer`. Wengi huishia kwenye ukurasa wa kwanza, na hapo ndipo wanapokosea, kwa sababu ukurasa ule unaonyesha seva ya sauti, si kadi. Bonyeza F6 uchague kadi yenyewe. Sasa utaona nguzo nyingi: Master, Speaker, Headphone. Tazama kisanduku kidogo chini ya kila nguzo. Kikiwa na herufi MM, nguzo hiyo imezimwa hata kama imejaa hadi juu. Sogea hapo kwa mshale, bonyeza M, nazo zitageuka OO. Ukifika kwenye "Auto-Mute Mode", ibadilishe iwe "Disabled" kwa majaribio. Tundu la hedifoni likiwa na vumbi au limelegea, kompyuta huamini kwamba hedifoni imechomekwa na huzima spika zake yenyewe.

Natumia Windows na Linux kwenye kompyuta moja. Nikitoka Windows, Linux inakuwa bubu. Nikiizima kabisa na kuiwasha, sauti inarudi.

Umeshajijibu nusu. Windows yenye "Fast Startup" haizimiki kikamilifu unapobonyeza "Shut down", na chipu ya sauti inaweza kubaki katika hali ambayo draiva ya Linux haiitarajii. Izime "Fast Startup" kwenye mipangilio ya umeme ya Windows. Ukihama kwenda Linux, zima kabisa badala ya kuchagua "Restart", subiri sekunde chache, ndipo uwashe.

Kila kinapoanza kulia kitu nasikia "tap!" kwenye spika, na neno la kwanza la mzungumzaji linakatika. Nafundisha lugha kwa rekodi fupifupi, kwa hiyo linaniudhi sana.

Pole, mwalimu. Chipu yako inalala kila inapokosa kazi, na huo mlio ni wa kuamka kwake. Angalia:

`cat /sys/module/snd_hda_intel/parameters/power_save`

Namba utakayoona ni sekunde za ukimya kabla chipu haijalala, na 0 maana yake isilale. Jaribu kwanza bila kubadilisha kitu cha kudumu:

`echo 0 | sudo tee /sys/module/snd_hda_intel/parameters/power_save`

Mlio ukikoma, andika `options snd_hda_intel power_save=0` ndani ya faili jipya kwenye `/etc/modprobe.d/`. Kama unatumia TLP, programu ya kuokoa betri, ibadilishe huko kwenye `/etc/tlp.conf`, la sivyo TLP itairudisha namba ya zamani kila ukichomoa chaja. Betri itapungua haraka kidogo. Kwa kazi yako, naona ni bei ya haki.

Hedifoni zangu za Bluetooth zina sauti nzuri mno kwenye muziki. Kikao cha video kikianza tu, watu wote wanasikika kama wako kwenye simu ya zamani. Linux ina shida gani na Bluetooth?

Hapa naitetea Linux, kwa sababu simu na Windows pia zimebanwa na kanuni hiyohiyo. Muziki hupita kwa profaili iitwayo A2DP: sauti safi, pande mbili za masikio, lakini inakwenda upande mmoja tu, kutoka kwenye kompyuta kuja kwako. Mara programu inapoomba maikrofoni ya hedifoni, mawasiliano huhamia HFP, profaili ya simu, ambayo hubeba sauti kwenda na kurudi kwa kubana ubora. Ikitumika kodeki (njia ya kubana sauti) ya CVSD, unapata sampuli 8,000 kwa sekunde. Ikitumika mSBC, unapata 16,000. Muziki wa CD una 44,100. Ndiyo maana tofauti unaisikia papo hapo.

Dawa ninayoipendekeza ni kutenganisha kazi: sikiliza kwa hedifoni, ongea kwa maikrofoni ya kompyuta. Chagua maikrofoni ya ndani kwenye mipangilio ya kikao, na kwenye `pavucontrol`, programu ya kudhibiti sauti, kichupo cha "Configuration", acha hedifoni kwenye A2DP. Kama profaili inajibadilisha yenyewe, wenye WirePlumber (msaidizi wa PipeWire) 0.5 au zaidi waandike:

`wpctl settings --save bluetooth.autoswitch-to-headset-profile false`

Kwenye vikao mimi nawasikia wenzangu, wao hawanisikii.

Jirekodi kwanza, nje ya kivinjari: `arecord -d 5 jaribio.wav`, ongea kwa sekunde tano, kisha `aplay jaribio.wav`. Ukijisikia, kompyuta haina kosa. Nenda kwenye ruhusa za kivinjari na uhakikishe tovuti ya kikao imeruhusiwa kutumia maikrofoni, tena ile unayoitaka. Usipojisikia, tazama kibodi: kompyuta nyingi zina kitufe cha kuzima maikrofoni chenye taa ndogo, na ni rahisi kukigusa bila kujua. Baada ya hapo rudi `alsamixer`, F6, kisha F4 ili uone nguzo za kuingiza sauti. "Capture" inapaswa kuwashwa, na huwashwa kwa kitufe cha nafasi. "Internal Mic Boost" ipandishe hatua moja tu. Ukiijaza, wenzako watasikia mvumo wa feni kuliko maneno yako.

Nilifuata ushauri kadhaa wa mtandaoni, nikafuta PulseAudio, nikabandika amri ambazo nyingine sizielewi. Sasa hata dirisha la mipangilio halifunguki. Nianzie wapi?

Wengi wamepita hapo, na lawama si yako peke yako. Ushauri mwingi unaozunguka uliandikwa enzi za PulseAudio, iliyoanza mwaka 2004. Fedora ilihamia PipeWire, kazi ya Wim Taymans, katika toleo la 34 la mwaka 2021. Ubuntu ikafuata katika 22.10. Kwenye mfumo wa namna hiyo, amri kama `pulseaudio -k` haina wa kumfikia. Andika `pactl info`. Ukiona "PulseAudio (on PipeWire", ushauri wowote wa kufuta au kuua PulseAudio haukuhusu.

Kurudi nyuma: kwenye Debian na Ubuntu, soma `/var/log/apt/history.log`. Humo kuna orodha ya kila kilichoondoka siku ile ulipofuta, na huenda ukakuta sehemu za mazingira ya eneokazi zimeondoka pamoja na PulseAudio. Zisakinishe upya kwa majina hayo. Kisha tafuta masalia: `~/.asoundrc`, `/etc/asound.conf`, `~/.config/pipewire`, na mafaili uliyoyaweka `/etc/modprobe.d/`. Usiyafute, yahamishie folda ya kando. Folda ya `~/.local/state/wireplumber`, inayohifadhi machaguo ya zamani, ihamishe pia. Mwisho:

`systemctl --user restart pipewire pipewire-pulse wireplumber`

Bila `sudo`. Huduma hizi ni za mtumiaji, na ukiziita kwa jina la msimamizi mkuu unagonga nyumba isiyo yako.

Sauti ipo, ila ni nyembamba, haina besi kabisa. Kwenye Windows kompyuta hiihii inavuma vizuri.

Huenda kompyuta yako ina spika nne na Linux inaendesha mbili tu, zile ndogo za sauti kali. Kompyuta nyembamba za sasa nyingi zina vikuza sauti vya pekee, kama CS35L41 ya Cirrus Logic au TAS2781 ya Texas Instruments, ambavyo husubiri maelekezo yanayolingana na modeli yako hasa. Hakuna mpangilio wa `alsamixer` utakaoviamsha. Programu za kusawazisha sauti zitapunguza ukali, lakini haziwezi kuwasha spika iliyolala.

Anza na kerneli mpya kabisa unayoweza kuipata, kwa ile njia ya fleshi niliyoieleza juu. Usipofanikiwa, tafadhali ripoti. Ndani ya draiva ya chipu za Realtek kuna jedwali refu la modeli za kompyuta zinazohitaji marekebisho maalumu, na mara nyingi tiba nzima ni mstari mmoja unaoongezwa humo wenye namba ya utambulisho ya kompyuta yako. Watunzaji wa kerneli hawana kompyuta hiyo mkononi, wewe unayo. Endesha `alsa-info.sh --no-upload`, nayo itakuandikia faili lenye jina la chipu ya sauti, namba hizo za utambulisho na hali ya kila nguzo. Liambatanishe kwenye ripoti, taja modeli kamili, toleo la kerneli lililopatikana kwa `uname -r`, na useme ni spika zipi zinalia na zipi hazilii. Ukiombwa kujaribu kiraka (rekebisho dogo la kerneli), kijaribu na ujibu hata kama hakikufanya kazi, kwa sababu jibu hilo pia huwaambia wapi pa kutafuta.