Barua kwa mwanangu: kwa nini nimekubali mionzi isiyoponya

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kwa nini nimekubali kupigwa mionzi kwenye ini ilhali daktari mwenyewe amekiri kwamba haitaniponya, tena ukataka kujua kama sijageuzwa panya wa maabara. Una haki ya kuuliza.

Saratani inaposambaa hadi kwenye ini, maumivu mengi hutokana na utando unaolifunika, ambao hutanuka kadiri ini linavyovimba. Mofini hunisaidia, lakini umeona inavyonifungisha choo na kunilaza mchana kutwa. Mionzi hutumiwa ili kupunguza uvimbe huo. Kwa saratani iliyoingia kwenye mifupa, jambo hili si geni hata kidogo: dozi moja ya grei 8 (grei ni kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) hutuliza maumivu karibu sawasawa na dozi nyingi zinazogawanywa kwa siku kadhaa, ingawa waliopewa moja huhitaji kurudiwa mara nyingi zaidi. Kwenye ini madaktari walisita kwa miaka mingi, kwa kuwa ini zima halistahimili mionzi mikali.

Kilichonishawishi ni utafiti uliofanyika Kanada na kuchapishwa mwaka 2024. Wagonjwa 66 wenye saratani ya ini, au iliyosambaa hadi kwenye ini, ambao dawa hazikuwatuliza vya kutosha, waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu walipata dozi moja ya grei 8 pamoja na huduma ya kawaida ya kutuliza maumivu, na nusu wakapata huduma hiyo peke yake. Baada ya mwezi mmoja, maumivu yalikuwa yamepungua kwa asilimia 67 ya waliopigwa mionzi, na kwa asilimia 22 ya wenzao. Hata hivyo, hesabu hiyo ni ya wagonjwa 42 tu waliojaza dodoso mwanzoni na baada ya mwezi, na miongoni mwa waliopigwa mionzi, mmoja katika kila watatu hakupata nafuu iliyotarajiwa. Ndiyo maana nakubaliana nawe kwamba tiba hii bado ni changa. Sikubali tu kwamba uchanga wake unatosha kuikataa, kwa sababu kilichopimwa ni maumivu yenyewe, kwa kauli ya wagonjwa, nami hicho ndicho ninachokitafuta.

Madhara nimeelezwa: uchovu, kichefuchefu, na pengine maumivu kupanda kwa siku moja au mbili kabla ya kushuka. Nitapewa dawa ya kuzuia kutapika mapema, na mofini haitaachwa siku hiyohiyo, kama dada yako alivyodhani.

Linalonishughulisha zaidi ni muda. Nafuu yaweza kuchukua siku kadhaa au hata wiki, kwa hiyo mtu aliyebakiwa na siku chache hubeba uchovu wa tiba bila kuufikia utulivu wake. Kwa sasa bado natembea na kula, na daktari anaona muda upo. Hali yangu ikibadilika ghafla kabla ya siku ya mionzi, nisiweze kujisemea, waambie waiahirishe au waiache kabisa, waendelee na dawa. Usiwaache ndugu zako wanisukume kwenye mashine kwa sababu tu nilikuwa nimekwisha kutia sahihi.

Mama yako