Sikio linalia ziii baada ya kuoga: ni nta, au ni grenda?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni fundi wa mageti na madirisha hapa Unga Limited, Arusha, nina miaka 38. Wiki tatu zilizopita nilitoka kuoga, sikio la kulia likaziba ghafla kama limeingiwa na maji, na mpaka leo halijazibuka. Tangu siku hiyo kuna mlio ndani, ziiii, hauishi, na usiku ndiyo unanitesa zaidi. Nikisema ukweli, la kushoto nalo hulia kidogo, karibu mwaka sasa. Nimechokonoa kwa kijiti cha pamba na njiti ya kiberiti, ikatoka nta kidogo nyeusi. Duka la dawa wamenipa matone. Jirani anasema nidondoshee mafuta ya moto yenye kitunguu saumu. Mama mkwe anasema kuna watu wananisengenya. Nishike lipi?

JIBU: Marahaba fundi. Kwanza weka njiti ya kiberiti chini.

Neno moja katika swali lako limenifanya nilisome mara mbili: ghafla. Sikio linaloziba ghafla mara nyingi ni nta iliyolowa maji ikavimba, na kuoga kunaelekeza huko. Lakini kuna ugonjwa mwingine unaofanana nao, ambapo mshipa wa usikivu au sehemu ya ndani kabisa ya sikio inapoteza nguvu ndani ya siku moja hadi tatu. Huo ni wa dharura. Dawa zake hufanya kazi vizuri zikianzwa ndani ya wiki mbili za mwanzo, na wewe uko ya tatu.

Kuna jaribio unaloweza kulifanya hapo ulipo. Funga mdomo, guna kwa sauti nzito, "mmmm", usikilize mguno unasikika zaidi sikio gani. Ili uelewe ninachosema, muulize mtu mwenye masikio mazima azibe sikio moja kwa kidole kisha agune: sauti itaruka kwenda upande ulioziba. Kwa hiyo kama mguno wako unahamia kulia, pale palipoziba, kizuizi kipo njiani, na nta ndiyo mshukiwa wa kwanza. Kama unahamia kushoto, kwenye sikio zima, usimalizie kazi ya leo, nenda hospitali. Vivyo hivyo kama uso umelegea upande mmoja, kama dunia inazunguka, au kama mlio unapiga kwa mdundo wa moyo badala ya kuwa ziii iliyonyooka. Jaribio hili halichukui nafasi ya kuangaliwa, linakuambia tu haraka iwe kiasi gani.

Sasa tuseme mguno umeenda kulia. Nta si uchafu. Ni mafuta ya tezi yaliyochanganyika na ngozi iliyokufa, na kazi yake ni kuzuia maji, vumbi na fangasi. Njia ya sikio la mtu mzima ina urefu wa kama sentimita 2.5, na nta hutengenezwa theluthi ya nje tu. Ngozi ya humo hutembea polepole kuelekea nje, taya likitafuna linasaidia, nta inatoka yenyewe bila mtu kuiita. Ndiyo maana tukichungulia na kuikuta imeshindiliwa ndani, karibu na kiwambo, yaani ngoma ya sikio, tunajua kuna kitu kiliisukuma. Ile nyeusi uliyoitoa ni ile iliyokuwa imebaki nje. Nyingine uliipeleka mbele.

Kabla ya tone lolote, nijibu hili: umewahi kuingiwa na cheche sikioni ukichomelea? Wachomeleaji hupata tundu kwenye kiwambo kwa namna hiyo, maumivu yanapoa, tundu linabaki. Kama jibu ni ndiyo, au sikio limewahi kutoa usaha, au linauma, usidondoshee kitu mpaka uonwe.

Kama halina historia hiyo, soma jina kwenye kichupa cha duka la dawa. Mara nyingi mtu akilalamikia sikio hupewa matone ya antibiotiki, na hayo hayalainishi nta. Unachohitaji ni matone ya sodiamu baikaboneti au mafuta ya zeituni ya kawaida. Kishike kichupa kiganjani mpaka kipate joto la mwili. Lala kwa ubavu wa kushoto, sikio bovu juu, dondoshea matone mawili au matatu, tulia dakika tano hadi kumi. Mara tatu kwa siku, siku tano. Siku za mwanzo sikio linaweza kuziba zaidi, kwa sababu nta inanyonya na kuvimba, usiogope. Mafuta ya moto ya jirani hapana, nimeona ngozi ya sikio iliyoungua, na kitunguu saumu kinazidisha ukali.

Lisipozibuka ndani ya wiki mbili hivi, nenda ikatolewe kwa maji ya bomba la sindano, kwa kufyonza au kwa kifaa cha chuma, na mtu anayeiona anapoitoa. Maji hayo yawe na joto la mwili. Yakiwa baridi au moto utapata kizunguzungu mezani hapohapo. Ikibidi kupewa rufaa, hospitali ya KCMC hapa Moshi ina idara ya masikio, pua na koo. Ukishuka kuja huku masikio yatabonyea njiani, maana Arusha iko karibu mita 1,400 na sisi tuko chini yenu kwa mita mia kadhaa. Hiyo ni hewa tu, meza mate. Usiihesabu kama dalili.

Lakini sehemu ya swali lako uliyoitaja kwa haraka ndiyo inayonisumbua: la kushoto linalia mwaka mzima. Huko hakuna kilichoziba. Hapo namshuku grenda, mashine yako ya kukatia chuma. Kiwango cha kelele kinachokubalika kazini ni desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unagawanywa kwa mbili. Kwenye desibeli 100, ambako grenda ikikata chuma hufika bila shida, zinabaki dakika 15 kwa siku nzima. Chembe za kusikia zilizo ndani zikifa hazioti tena, na ubongo unaokosa sauti hizo huongeza sauti yake wenyewe, kama redio isiyoshika stesheni. Kulia nako nadhani mlio ulikuwepo tangu zamani. Nta imeziba kelele za nje, sasa unausikia wa ndani peke yake. Kwa hiyo nta ikitoka huenda ziii ikapungua, lakini usishangae ikibaki kidogo. Kinachofuata hapo ni kipimo cha usikivu.

Mwambie daktari dawa ulizotumia karibuni. Kwinini, aspirini kwa dozi kubwa na sindano za gentamisini zote huliza masikio. Kahawa sikukatazi, sijaona sababu ya kumnyima mtu wa huku kahawa. Usiku usilale kwenye kimya kitupu: feni, au redio chini kabisa. Vidonge vya kuufuta mlio havipo, anayekuuzia anakula hela yako.

Mama mkwe mwachie yake, hadhuru sikio.

Ukienda dukani kutafuta vizibo vya masikio, chukua jozi mbili. Kuna kijana anayekushikia chuma unapokata, na sikio lake liko karibu na grenda kuliko lako.