Vinasaba vina faida gani kwetu huku kusini? Jibu langu

Mkuu uliyeandika kwamba utafiti wa vinasaba ni mambo ya Wazungu na ya watu wanaotafuta baba wa mtoto, naomba nikujibu kwa niliyoyaona kwetu Newala, mkoani Mtwara.

Mtoto wa dada yangu alizaliwa mzima, akanyonya, akanenepa. Alipovuka miezi sita, vidole na nyayo vikaanza kuvimba, analia usiku kucha, kila mara ameishiwa damu. Kipimo kikaonyesha selimundu, ugonjwa wa kurithi unaopinda chembe nyekundu za damu. Hapo maneno yakaanza: upande wa shemeji wakasema ugonjwa umetoka ukoo wa mama. Kwa sisi Wamakonde, tunaofuata ukoo wa mama tangu enzi, hilo lilitugusa wote, na mimi mjomba ndiye niliyetazamwa nijibu. Kilichotuliza nyumba ni daktari kuwapima wazazi wote wawili. Kila mmoja alikuwa amebeba nakala moja ya jeni ya ugonjwa huo, yaani kipande cha vinasaba kinachousababisha, mwenyewe akiwa na afya yake. Mtoto huugua akirithi kasoro pande zote mbili. Sikuona mtu aliyeendelea kulaumu baada ya kuelezwa hivyo.

Kuna jambo wengi hulichanganya. Wazazi wa namna hiyo, kila mimba ina uwezekano wa robo kupata mtoto mgonjwa. Haina maana kwamba akishapatikana mmoja, watatu wanaofuata wamesalimika. Kila mimba hesabu inaanza upya.

Na kwa nini ugonjwa huu uko sana kwetu? Mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison alionyesha kuwa anayebeba nakala moja tu anapata kinga dhidi ya malaria kali. Palipo na mbu wengi kama ukanda wetu, waliobeba nakala moja walipona utotoni, wakakua, wakarithisha. Si laana wala si mkono wa mtu, na ninaomba wazee wetu waelezwe hivyo hivyo, kwa lugha ya nyumbani.

Mpwa wangu sasa anatumia dawa ya haidroksiurea. Inaamsha ile himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) ya mtoto akiwa tumboni, ambayo haipindi chembe za damu. Mtoto huzaliwa bado anayo, ndiyo maana miezi ya mwanzo alikuwa salama. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani waliidhinisha tiba ya Casgevy, inayohariri jeni ya mgonjwa ili himoglobini hiyo hiyo irudi. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Kwa mkulima wa korosho hiyo bado ni habari ya kusikia tu. Kinachotufaa leo ni kupima selimundu kwa tone la damu la kisigino cha kila mtoto anayezaliwa, mwenye ugonjwa aanze dawa kabla hajavimba. Hilo ningetaka wabunge wetu walipiganie kama wanavyopigania bei ya korosho.

Wenye hamu ya historia, mwaka 2023 jarida la Nature lilitoa utafiti wa mifupa ya watu 80 wa zamani, wengi wa miji ya Waswahili ya pwani ya Afrika Mashariki, Kilwa na Songo Mnara zikiwemo. Wengi wao zaidi ya nusu ya vinasaba vilitoka kwa Waafrika, hasa wanawake, na sehemu kubwa ya vile vya Asia ilitoka kwa wanaume wa Uajemi, kuanzia karibu mwaka 1000. Simulizi la Washirazi, kwamba wazee wa Waswahili walitoka Uajemi, lina msingi, na bibi zetu wa hapa hapa wamo ndani yake.

Tukirudi shambani: mnaolima muhogo aina ya Albert mnajua unavyooza kwa ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Watafiti waliuzalisha na aina ya Namikonga, unaovumilia ugonjwa huo, wakapanda watoto wake kwenye vituo vya utafiti vya Naliendele na Chambezi, wakatafuta sehemu za vinasaba zinazobeba uvumilivu. Matokeo yakatoka 2017. Faida yake ni kwamba mche unaweza kuchujwa ukiwa mdogo kwa kipande cha jani, badala ya kungoja mwaka mzima uchimbe ndipo ujue. Lakini mbegu bora haikusaidii ukiendelea kuomba pingili (vipande vya shina vya kupandia) kwa jirani bila kukagua, kwa sababu ugonjwa husafiri ndani ya pingili na inzi weupe huusambaza. Shina linaweza kupendeza juu, mizizi imeoza. Kabla ya mvua za kwanza, nenda Naliendele au kwa bwana shamba, uliza pingili safi zinapatikana wapi, na ile miti ya zamani iliyoonyesha michirizi ing'oe uichome kabla hujapanda mipya.