Maswali ya Wasomaji: Pengwini Huhesabiwaje?

SWALI: Mhariri, huku kwetu ndovu wa Tsavo huhesabiwa kwa ndege. Je, pengwini wa Antaktika, kule kusikofikika, huhesabiwaje? – Msomaji, Kasarani, Nairobi

JIBU: Ndugu msomaji, hufichuliwa na kinyesi chao. Pengwini kaizari (emperor penguin), mkubwa kuliko wote, yule anayezaa katikati ya majira ya baridi, hukaa miezi mingi juu ya barafu ya bahari, na kinyesi cha maelfu yao huacha doa la kahawia linaloonekana katika picha za setilaiti. Doa likishapatikana, watafiti huchukua picha kali zaidi na kutenganisha ndege, vivuli na uchafu. Kwa njia hiyo, mwaka 2012 walitangaza makundi 46 na ndege wapatao 595,000, karibu maradufu ya makadirio ya awali.

Hesabu ya mwaka mmoja, hata hivyo, haionyeshi mwelekeo. Ni lazima makundi yaleyale yatazamwe mwaka baada ya mwaka, kwa kuwa baadhi ya ndege huwa baharini wakitafuta chakula wakati picha inapigwa. Mwishoni mwa 2022, katika Bahari ya Bellingshausen, pembezoni mwa Antaktika, barafu ilivunjika mapema chini ya makundi manne kati ya matano. Vifaranga walikuwa bado na manyoya laini yanayolowa maji, na inaaminika kwamba karibu wote waliangamia. Nasikitika kila niangaliapo picha hizo: wiki moja kuna doa la kahawia, baadaye maji matupu.