Hakuna "hela ya mtoto mkimbizi": usilipie fomu

SWALI: Nina watoto watatu shule ya msingi hapa Iowa. Tulitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Kuna mtu katika jamii yetu anasema serikali kuu ya Marekani inaipa shule dola 4,000 kwa kila mtoto mkimbizi, na kwamba shule inazila. Anataka dola 80 kwa kila mtoto atujazie fomu ya kuzidai, watoto wapate kompyuta. Tena juzi nilipoitwa shuleni niliambiwa hakuna mkalimani kwa sababu fedha za serikali kuu zimekwisha. Ni kweli?

JIBU: Mama, salamu zako nimezipokea. Usimpe huyo mtu hata senti. Kazi yangu ni uhasibu wa fedha za serikali kuu katika wilaya ya shule, na hadithi hii inanifikia kila Agosti shule zinapofunguliwa. Kiasi hubadilika, mara elfu tatu, mara elfu saba. Fomu ya kulipia haikosekani.

Hakuna akaunti yenye jina la mtoto wako. Mfuko mkubwa kuliko yote, Title I, uliozaliwa na sheria ya elimu ya 1965, hauulizi nani ni mkimbizi. Washington inakadiria idadi ya watoto wa miaka 5 hadi 17 wanaotoka familia maskini katika kila wilaya, inapiga hesabu yake, fedha zinapitia idara ya elimu ya jimbo ndipo zitufikie. Sisi nasi tunazipanga shule zetu kwa kiwango cha umaskini, na shule ambayo watoto maskini wamezidi asilimia 75 lazima ihudumiwe kwanza. Sehemu kubwa inakwenda kwenye mishahara: yule mwalimu wa kusoma anayekaa na watoto wanne kwenye meza ya duara, yule msaidizi wa darasa. Kompyuta zinanunuliwa pia, lakini ya kwetu kila moja ina kibandiko chini, chenye namba na jina la mfuko, na mimi huzihesabu moja moja. Ikipungua moja, mkaguzi anataka maelezo. Haiwezi kuwa mali ya mtoto wala ya mzazi.

Upo mfuko mwingine, Title III, ambao kweli unafuata idadi ya watoto wanaojifunza Kiingereza. Mwaka 2024 ulikuwa dola milioni 890 kwa nchi nzima. Wagawie watoto hao, ambao ni zaidi ya milioni 5, hupati hata dola 200 kwa mtoto kwa mwaka. Hizo 4,000 zinatoka wapi?

Kuhusu mkalimani, shuleni wamekujibu vibaya. Ni kweli Julai 2025 fedha za Title III na mifuko mingine kadhaa zilizuiliwa Washington kwa wiki kadhaa kabla ya kuachiwa, na pengine mtu wa ofisini ndicho alichokisikia. Lakini wajibu wa kuzungumza na mzazi kwa lugha anayoielewa unatokana na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, na wilaya inautekeleza kwa fedha zake yenyewe. Nikilipia mkalimani wa kikao cha kawaida kwa Title III, mkaguzi atanirudishia hoja. Kwa hiyo mfuko ukauke usikauke, mkalimani ni haki yako, bure, na si mwanao wa darasa la tano akutafsirie. Omba kwa maandishi, taja Kiswahili, weka tarehe.

Sasa turudi kwenye fomu, maana hapo ndipo roho inaponiuma. Mwaka jana baba mmoja aliniwekea mezani fomu aliyoilipia dola 100. Nikaigeuza: ilikuwa fomu ya chakula cha mchana cha shule, imepigwa kopi mpaka nembo ya wilaya imepauka. Fomu hiyo tunaigawa bure, na mwanawe alikuwa ameshaletewa. Ilikuwa bado imekunjwa chini ya mkoba wake. Wilaya nyingi hutumia hesabu za chakula hicho kupanga shule kwa umaskini, kwa hiyo ukiirudisha unaisaidia shule yenu kupata mgawo wake, ingawa wewe huoni dola mkononi. (Shule nyingine zinawalisha watoto wote bila fomu. Uliza ya kwenu iko vipi.)

Dola 100 zile hazikuwa hasara kubwa. Fomu halali inaomba tarakimu nne tu za mwisho za namba ya Social Security (namba ya utambulisho ya serikali, yenye tarakimu tisa) ya mtu mzima anayesaini, na asiye nayo anaweka alama kwamba hana. Yule baba alitoa zote tisa, zake na za mkewe, pamoja na picha za kadi za watoto wanne. Mtu mwenye namba ya mtoto wa miaka saba anaweza kukopa kwa jina lake miaka kumi bila mtu kugutuka, kwa kuwa hakuna anayechunguza mikopo ya mtoto. Watu hawa ni wenzetu, wanaongea lugha yetu, wanasali nasi, na ndiyo maana tunawaamini. Wengine wanafika hadi kukushauri uandike, unapomwandikisha mtoto shule, kwamba nyumbani mnazungumza Kiingereza, "mtoto asirudishwe nyuma". Ukiandika hivyo, shule haimpimi Kiingereza chake, na msaada aliostahili anaukosa.

Kama kuna yeyote kwenu aliyekwisha kutoa namba, asisubiri kuona itakuwaje. Kampuni tatu zinazotunza rekodi za mikopo, Equifax, Experian na TransUnion, zinalazimika kisheria kufunga rekodi yako bila malipo, ili mtu asikope kwa jina lako. Mtu mzima anaweza kuomba mtandaoni siku hiyo hiyo. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 16 mzazi ndiye anayeomba, kwa kampuni zote tatu, akiambatanisha kopi ya cheti cha kuzaliwa na kitambulisho chake mwenyewe.