Kwa mnaoanza benchi la oganoidi: "haikuambukiza" si jibu

Vijana, nimepitia madaftari yenu ya mwezi huu, na kwenye zaidi ya moja nimekuta sentensi ileile: "Rota haikuambukiza oganoidi." Mmeipigia na mstari. Rota ni kirusi kinachoharisha watoto, na oganoidi ni vifundo vidogo vya seli vinavyooteshwa ndani ya jeli vikafanana na kiungo, kwetu utumbo. Sentensi hiyo naijua tangu zamani, na gharama yake naijua pia. Kabla haijafika kwenye kikao cha Ijumaa, someni haya. Mengi mnayajua, nayarudia kwa sababu kuyajua na kuyafanya ni vitu viwili.

1. Jeli haina subira. Matrigel, jeli tunayooteshea seli, ikitoka tu kwenye barafu inaanza kuganda, kwa hiyo tipsi zilale kwenye friji na sahani ipashwe joto kwenye inkubeta mapema. Tone moja ni mikrolita 50, katikati ya kisima cha sahani. Kisha pindua sahani juu chini mpaka jeli ishike, la sivyo oganoidi zitazama na kujibandika kwenye plastiki. Anayejaza pipeti huku anaongea na simu nitaendelea kumtoa kwenye kabati la usalama, hata kama ni mpenzi wake amepiga.

2. Dodoma si pwani. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa ni mdogo. Kaboni dayoksaidi ya asilimia 5 huku kwetu inayeyuka kwenye midia (maji ya kulishia seli) kidogo kuliko ile ya Dar es Salaam, na midia inasogea kuelekea alkali. Midia ikigeuka waridi iliyokolea ndani ya inkubeta, kagua gesi kabla hujamlaumu aliyetuuzia. Kiangazi, bakuli la maji la inkubeta likaguliwe kila siku. Na viatu vya vumbi vibaki mlangoni. Hili sitalisema tena.

3. Hapa ndipo penye kidonda.

Miaka ya mwanzo tulikuwa na oganoidi za utumbo mdogo za watoaji kadhaa, zilizooteshwa kutoka seli shina za tishu waliyotoa walipofanyiwa upasuaji. Tukaandaa rota kama inavyotakiwa: tukaiamsha kwa kimeng'enya cha tripsini, tukaosha seramu yote ili isiizime tripsini, tukaijaribu kwanza kwenye seli za MA104, za figo ya nyani, zikafa kama zinavyopaswa kufa. Kirusi kilikuwa hai, hapakuwa na shaka. Tukakimimina kwenye midia juu ya matone ya jeli. Oganoidi za watoaji wengine zikashika. Za mtoaji mmoja zikabaki safi kabisa. Tukarudia, zikabaki safi.

Tukaamini tumempata mtu mwenye kinga ya kuzaliwa. Wazo lenyewe halikuwa la kipuuzi. Mtu ambaye jeni yake ya FUT2 haifanyi kazi hashikwi na aina nyingi za norovirusi, na oganoidi zake nazo zinakataa vilevile. Basi tukaanza kupima jeni za yule mtoaji, tukaandaa muhtasari wa mkutano, na kila tulipotaka ushahidi zaidi tulifungua kichupa kingine cha seli zake kutoka kwenye nitrojeni. Vichupa vikawa vinakwisha huku sisi tunafurahi.

Aliyetuokoa ni fundi sanifu wetu. Alikuwa anatazama sahani kwenye hadubini kwa ajili ya jambo lingine kabisa, akauliza: "Hizi zimejifunga zote. Hicho kirusi kinaingilia wapi?"

Oganoidi ya utumbo ikikomaa ndani ya jeli ni nyumba ya tembe: milango yote inatazama uani, na nje kuna ukuta mtupu. Upande wa seli wenye vinyweleo, ule ambao kwa binadamu unakutana na chakula na virusi, umegeukia uwazi wa ndani. Kilichoko kwenye midia kinakutana na mgongo wa seli. Oganoidi za wale watoaji wengine zilikuwa zimegawanywa muda mfupi kabla ya kuwekewa kirusi, vipande bado viko wazi. Za yule mmoja zinakua taratibu, kwa hiyo tuliziacha zinenepe, zikawa duara safi zilizofunga kabisa. Kile tulichokiita kinga kilikuwa ratiba yetu ya kugawa seli. Tulipozivunja na kuzichanganya na kirusi kabla ya kuzirudisha kwenye jeli, kesho yake VP6, protini ya rota, iliwaka kijani kila kona.

Muhtasari ulifutwa, na hilo halikuniuma sana. Linaloniuma ni vile vichupa. Mtu yule alisaini fomu ya ridhaa akiwa anasubiri kisu, akatupa kipande cha mwili wake ili siku moja kisaidie mtoto anayeharisha. Kibali chetu cha maadili kilihusu kipande hicho tu; hakuna kumrudia kuomba kingine. Kwa hiyo nikiwakalia kooni kuhusu sentensi moja, mjue ni kwa ajili yake.

Njia za kufikia uani mnazo: vunja oganoidi kwanza, au zitandaze ziwe tabaka moja, au ondoa jeli na uziache zielee mpaka zijigeuze nje ndani. Chagua moja, na uandike uliyoichagua. Andika pia siku tangu zilipogawanywa mara ya mwisho, na kama ulizikomaza kwa kuondoa Wnt, ile ishara inayozifanya zibaki changa. Seli shina tupu bila seli zilizokomaa si utumbo ambao rota inautafuta.

4. Pima saa sifuri. Chukua sampuli mara tu baada ya kuosha, halafu nyingine baada ya saa 24. Bila ya kwanza, PCR, kipimo cha vinasaba, itakuonyesha kirusi kilichobaki kwenye jeli nawe utasema kimezaliana. Weka pia kirusi kilichouawa, cha kulinganishia.

5. Pima mikoplazma, bakteria wadogo wanaojificha kwenye seli, kila mwezi. Antibiotiki haifichi uchafu milele.

6. Mmeniuliza lini tutaanza Homa ya Bonde la Ufa. Naelewa hamu yenu: mlipuko wa 2007 uliumiza mkoa huu kuliko mikoa mingi, na kirusi kile kinashambulia ini, kiungo ambacho nacho huoteshwa kwenye jeli. Mmesoma pia jinsi oganoidi za ubongo zilivyosaidia mwaka 2016 kuonyesha kwamba Zika, kirusi kilichopatikana mara ya kwanza Uganda mwaka 1947, kinaua seli changa za neva, wakati Brazil inahangaika na watoto waliozaliwa na vichwa vidogo. Ni kazi ya kujivunia. Lakini Homa ya Bonde la Ufa haiguswi kwenye kabati letu. Inahitaji maabara ya ngazi ya 3 ya usalama wa kibayolojia. Na hata huko, ini la kwenye jeli halina damu inayopita wala seli za kinga zinazokuja kupigana, kwa hiyo litajibu sehemu tu ya swali. Anzeni na rota, mniletee saa sifuri iliyonyooka.

Waliopangwa kesho asubuhi: jeli itolewe kwenye friza leo jioni, iyeyuke taratibu usiku kucha kwenye barafu ndani ya friji. Si juu ya meza.