Mzee anakataa kupimwa utumbo: mwachie daktari wake aanze

Dada, umeeleza kwamba baba yako, mwenye umri wa miaka 61, anakataa kupimwa saratani ya utumbo mpana kwa kuwa hana maumivu yoyote, ilhali kaka yake aliugua ugonjwa huo, na unauliza kama daktari anayemtibu presha hapo Buruburu anaweza kusaidia. Anaweza, tena pengine kuliko wewe.

Mama yangu alitukatalia sisi watoto wake kwa miaka miwili, akiona aibu. Siku moja daktari aliyemzoea alitoa kichupa kwenye droo, akamwonyesha kijiti cha kuchukulia choo, akamwambia, "Mama, hiki utakifanya nyumbani, mlango umefungwa." Alikirudisha wiki hiyo hiyo.

Mpigie daktari kabla ya kliniki ijayo, umweleze habari za baba yako mkubwa na umri aliokuwa nao alipogunduliwa, kwa sababu historia ya ukoo ndiyo itakayomwongoza kuchagua kati ya kipimo cha choo, ambacho hurudiwa kila mwaka, na kolonoskopi, yaani kamera nyembamba inayopitishwa ndani ya utumbo, ambayo huona vinundu na kuviondoa kabla havijageuka saratani. Kipimo cha choo kikionyesha kuna damu, msikubali kurudia kipimo kile kile. Kolonoskopi ni lazima. Ulizeni gharama mapema, pamoja na kiasi ambacho SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, italipia.

Lakini akianza kutoa damu, kukonda bila sababu au kubadilika choo kwa majuma kadhaa, msingoje kliniki: mpelekeni hospitalini mara moja.